Darubini Mbili na Nyati wa Makindu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Makindu. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu aliyenitangulia kazini, na bunduki zetu zote zilifungwa darubini. Yake ilikazwa kwa skrubu nne. Bila bisibisi haitoki. Yangu ilishikwa na vibano vyenye wenzo mdogo. Ukiuvuta, darubini inabaki mkononi, unalenga kwa vyuma vya kulengea vya bunduki yenyewe.

Siku ya kuzijaribu tulilenga debe tupu umbali wa hatua mia. Risasi zake zilikaa pamoja, zangu zikatawanyika.

"Kitu cha kufunguka-funguka hulegea," akanicheka.

Nilimwonea wivu.

Wiki hiyo mama mmoja akaja ofisini mbio, bila viatu. Nyati alikuwa amemjeruhi mumewe kwenye shamba la ndengu. "Nyati bado yuko kwa miiba," akasema. "Hatuwezi hata kwenda maji."

Tulimpata nyati saa nne asubuhi. Mwenzangu akampiga kutoka mbali. Nyati akayumba, akaingia kichakani, nasi tukamfuata, maana nyati aliyejeruhiwa ni lazima afuatwe.

Humo ndani huoni hatua kumi. Nikavuta wenzo nitie darubini mfukoni, lakini ikaniponyoka ikaanguka.

"Unafanya nini?" mwenzangu akanong'ona.

"Kwa hii sitamwona akiwa karibu."

Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima.

Nyati akatoka kushoto kwetu, bila sauti kwanza, halafu matawi yote yakavunjika kwa pamoja. Mwenzangu akainua bunduki, jicho kwenye darubini. "Naona nyeusi tu!" akapiga kelele. "Nyeusi tu!" Akafyatua, akakosa, akarushwa miibani. Nilipiga, nikapiga tena. Sikumbuki kulenga. Nyati alianguka karibu na miguu ya mwenzangu, akakoroma kwa muda mrefu.

Mwenzangu alivunjika mbavu tatu, na mkono. Nilipomtembelea hospitalini aliniuliza, "Ndugu yangu, ulijuaje kuitoa?"

"Sikujua. Niliogopa tu. Nilitaka kumwona kwa macho yangu."

Aligeuka akatazama ukuta. Hakurudi porini tena. Mume wa yule mama alipona, akapanda ndengu palepale. Mimi nilivumilia kazini miaka miwili zaidi, na kila asubuhi kabla ya kutoka nilitapika nyuma ya nyumba, mke wangu asinione.