Michezo ya Mwalimu Adero Mtaroni

Mwalimu Adero alifungua shule ya chekechea Kitengela mwaka 1998, katika vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba aliyopanga na mumewe. Watoto walijaa upesi, ila maji hayakuwepo. Ukame wa mwaka 2000 ulipokaza, afisa wa afya alipita, akatazama madumu matupu, akamwambia wazi kwamba bila mfereji wa maji shule isingefunguliwa muhula ujao. Adero hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka nyingine.

Mzee Parsaoti, mwenye ardhi ya jirani, alikuwa na kisima cha pampu. Alikubali kuwapa mtaa mzima maji, mradi wachimbe mtaro wa bomba wenyewe kabla ya mvua. Udongo wa Kitengela ni mweusi; ukinyeshewa hunata kama ugali usioiva, na mtaro wowote hubomoka. Basi kila nyumba ikapewa kipande chake cha kuchimba siku za Jumamosi.

Kazi yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ndung'u wa dukani alichimba hadi gotini akaketi. Ochola, aliyepakana naye, hakutaka kuvuka mpaka hata kwa jembe moja, kwa hiyo katikati yao kukabaki ukuta wa udongo usio na mwenyewe. Kila mtu alililaumu kabila la mwenzake kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana.

Adero alikuwa amehudhuria semina ya walimu iliyofundisha michezo ya kuunganisha watu, naye aliiamini michezo kupita kiasi. Kila Jumamosi kabla ya kazi aliwachezesha watu wazima: kuvuta kamba, kupokezana dumu lililojaa bila kusema neno. Walicheka, wakacheza. Wawili tu walimkera. Syokau, mjane aliyeuza githeri, na Maweu, fundi wa mawe, hawakusalimiana kamwe. Huyu akitokea, yule aligeuza uso. Adero akaamua kwamba hapo ndipo penye ugonjwa.

Jumamosi moja akawapanga duara, wafumbe macho, wanyooshe mikono na kushikana ovyo, kisha wajinasue bila kuachiana. Mkono wa Syokau aliuongoza yeye mwenyewe hadi kwenye mkono wa Maweu. Walipofumbua macho, Syokau aliuchomoa kama aliyegusa jiko, akajifunika uso kwa leso na kwenda zake. Maweu aliacha sururu palepale, akaondoka kwa njia nyingine.

Mchana Adero alimfuata Syokau nyumbani kumwuliza kosa ni nini.

"Mwalimu, huyo ameoa msichana wangu," Syokau alisema. "Hiyo si chuki, ni nthoni, ni heshima ya mkwe: hatugusani, hatutajani majina. Yeye hunichimbia kipande changu asubuhi kabla sijafika, na mimi namwachia uji kwa chupa. Hatujawahi kusemezana. Sasa umetushikanisha mikono mbele ya watu. Atarudi aje?"

Adero alikuwa Mjaluo. Heshima ya mama mkwe aliijua tangu utotoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa ameona heshima akaiita uadui. Katika kundi lote kulikuwa na timu moja tu, na yeye ndiye aliyeivunja.

Jumamosi iliyofuata Maweu hakuja. Adero alidamka akachimba kipande cha Syokau mpaka viganja vikatoka malengelenge. Syokau alipofika aliutazama mtaro akatikisa kichwa.

"Huu umepinda. Ni mwalimu."

Watu walicheka, hata Adero mwenyewe. Ochola akasema wiki ijayo angechimba cha Ndung'u, aone kama atatambuliwa. Hapo mchezo ukazaliwa bila semina: unachimba cha mwenzako kabla hajafika, naye akija anataja ni nani. Watu wakaanza kuviziana na kudamka kupita kiasi. Ule ukuta wa udongo ukatoweka, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Ngong, kilibaki kipande cha Syokau tu, cha mwisho kabla ya shule. Chini yake kulikuwa na mwamba. Ochola aliujaribu, Ndung'u akavunja mpini wa sururu, na Adero akaenda kulia ndani ya darasa tupu. Aliyejua kupasua jiwe hakuonekana mtaroni tena.

Jumamosi walipofika, mwamba ulikuwa umekatwa, na kuta za mtaro zimenyooka kama zilizopigwa uzi. Ndung'u, ambaye siku hizo alijifanya mwamuzi, akamtaka Syokau afuate sheria, amtaje aliyechimba. Syokau aliinama, akapitisha kiganja kwenye jiwe.

"Huyo," akasema, "jina lake mimi siwezi kutaja."

Ndung'u akatangaza kwamba Syokau amepata jibu, na wakaanza kushusha mabomba.