Fundo Katika Damu ya Bonaventure

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukweni mwa ziwa, mjini Baraka. Ukungu umelalia maji, na milima ya Ubwari inaonekana kama inaelea. Bonaventure ameketi mchangani, wavu wa ndagala, dagaa wa huku, ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu, na sindano ya mbao inapita ndani ya macho ya wavu bila yeye kuitazama.

"Mikono inajua njia," anasema. "Mi niko naota tu."

Mshona nyavu huyu wa miaka arobaini na sita ana saratani ya damu. Miaka miwili iliyopita tumbo lake lilivimba upande wa kushoto, nguo zikampwaya. Mtaani hawakuuliza mengi: kalishwa karuho, sumu ya polepole inayoogopwa sana huku. Na aliyekuwa akimpikia ni Clarisse, mjane wa mdogo wake.

"Nilimuonyesha kidole mbele ya bantu ba mutaa," anasema, na sindano inasimama. Clarisse alifunga virago, akahamia kijiji cha Kazimia.

Vipimo vya hospitali ya Bukavu vilisema jambo jingine. Ndani ya chembe za mwili mna kromosomu, nyuzi zinazobeba maagizo. Katika chembe moja ya uboho wake, kromosomu ya tisa na ya ishirini na mbili zilikatika, zikabadilishana vipande. Zilipoungana, jeni mbili zisizojuana zikawa agizo moja lisilokoma: zaa chembe nyeupe, zaa tena.

Bonaventure ananionyesha. Anakata nyuzi mbili, anaunga ncha ya mmoja na ya mwingine, anavuta. Wavu unajikunja.

"Unaona? Hakuna kamba ilipotea. Iliungwa vibaya tu. Docteur akaniambia, 'Papa, hukuzaliwa nayo, na hakuna muntu alikuwekea.' Nililia. Haikukuwa juu ya ugonjwa. Ni juu ya Clarisse."

Kidonge kimoja kila siku kinalinyamazisha agizo lile, na uvimbe wa tumbo umenywea. Aibu ndiyo haijapata dawa. Ametuma salamu Kazimia mara tatu bila kupata jibu.

Jumapili atapanda boti, aombe msamaha hadharani, kama alivyomsingizia Clarisse hadharani. Kisha ataomba bugali, ugali uliosongwa na Clarisse mwenyewe. Kwa desturi ya huku, mpishi huonja kwanza, mgeni ajue chakula hakina sumu.

"Akinyoosha mukono aonje, nitamukataza," anasema, akirudisha macho kwenye wavu. "Mi njo nitaanza kula, bantu bote banione."