Mpira wa Baiskeli Ndani ya Gari Langu

Nilimwachia kaka yangu mkubwa gari nilipokwenda Hola kwa mafunzo ya walimu. Tulikubaliana atalitumia kumpeleka mama kanisani, basi. Niliporudi kwetu Kulesa nililikuta limegandwa na matope meusi mpaka kwenye vioo, na chini ya viti vya nyuma kumejaa punje za mpunga. Alikuwa amelipeleka Ozi, kwenye mashamba ya mpunga. Gari dogo, la kutosha mtu na mamake na mizigo ya sokoni, yeye kalishindilia magunia na kulipitisha njia ambamo matrekta yenyewe hukwama.

Upande wa mbele ulikuwa ukigonga. Nilimuuliza kuna nini. Akasema ni barabara tu, gari halina neno.

Nikaendelea kuliendesha hivyo. Nikikanyaga breki, usukani ulivutwa kushoto, na kila shimo lilipiga chuma kwa chuma chini ya miguu yangu. Ndani ya gari hilohilo nilimpeleka mama hospitalini Ngao kwa ajili ya presha yake, zaidi ya mara moja, naye ameketi kando yangu ameshika mkoba magotini.

Mwishowe nilinunua vipuri Malindi. Nilihitaji mikono ya chini miwili, yaani vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, pamoja na boljointi zake, vile viungo vya duara mwishoni mwake. Mafundi wa Garsen ni marafiki wa kaka, na sikutaka rafiki yake yeyote aguse gari langu. Marehemu baba alikuwa fundi wa matrekta. Spana nilizishika kabla sijajua kusonga ugali. Jumamosi asubuhi nikaliingiza gari uani kwa mama, nikalegeza nati za magurudumu, nikapiga jeki, nikasukuma magogo mazito chini ya bodi ili lisinilalie.

Nilianza na upande wa kulia. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizimwagia mafuta ya taa, nikangoja, kisha nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka viganja vikachubuka. Mama alikuwa kibarazani akichagua mchele. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia nitakunywa nikimaliza.

Upande wa kushoto bolti zilifunguka kama zimefungwa jana. Nilifurahi, halafu nikaacha kufurahi. Nikauvuta nje ule mkono wa chuma na kuugeuza juani.

Boljointi ilikuwa imekwisha, inacheza kama jino la mtoto. Lakini hilo nililitarajia. Nililoliona mwishoni mwa chuma ndilo sikulitarajia. Pale panapokaa bushi, ile raba nene inayozuia chuma kugongana, hapakuwa na bushi. Palikuwa pamejazwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vimekunjwa na kusukumizwa ndani kwa bisibisi, kisha vikazungushiwa waya. Nilipoukata waya, vipande vikaniangukia mapajani.

"Mama," nikasema, "kuna mtu amelifungua gari hili na kuliziba kwa tyubu."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Kaka yako alinieleza," akasema. "Lilimharibikia njia ya Ozi. Wakalifunga hivyo ili lifike nyumbani."

"Na ukalipanda mpaka Ngao."

"Nilijua ungekasirika."

Nilikuwa nimekaa mchangani, mikono imejaa grisi. Gurudumu lile lingechomoka siku yoyote. Lingechomoka pale barabara inapopanda tuta, na chini kuna maji. Mama alilijua hilo, akafunga mkanda wake, akanyamaza, kwa sababu afadhali tutumbukie sote wawili kuliko mimi nigombane na mwanawe. Na mimi je, mimi ni mwana wa nani?

Nilirudi kazini kwa hasira. Hasira husaidia kwenye boljointi. Niliigonga mikono mipya ikaingia, nikafunga nati, nikapitisha pini zake na kuzikunja. Bolti za bushi nilizikaza mwisho, gari likiwa limeshuka chini kwa uzito wake, kama baba alivyokuwa akitaka, maana ukizikaza likiwa hewani raba mpya hujisokota na kupasuka mapema.

Kaka aliingia nikiwa bado nimelala chini. Alimsalimu mama, akamiminiwa chai, ile chai yangu. Nikamsikia akisema amemwahidi mtu kumfikishia magunia Kipini jioni ile. Kisha akaja akainama karibu na gurudumu, akaniuliza nitamaliza saa ngapi.

Nikatoka, nikamwekea vile vipande vya tyubu kiganjani. Akavitazama.

"Si lilikufikisha?" akasema. "Hakuna aliyeumia."

Akanyoosha mkono wa pili apewe ufunguo. Niliufunga kwenye pindo la leso yangu. Hapo akamgeukia mama, akimtaka aniambie nimpe. Mama akauweka ungo chini.

"Mpe ndugu yako ufunguo," akasema. "Ni siku moja tu."

"Hapana, mama. Leo hapana, na kesho hapana."

Maishani mwangu sikuwa nimewahi kumwambia hapana mbele ya kaka. Mama aliinuka akaingia ndani, akarudishia mlango. Kaka alisema elimu imeniharibu, akavitupa vile vipande vya tyubu mchangani na kuondoka. Niliosha mikono kwa mchanga na sabuni, nikaendesha mpaka Garsen, kwenye chumba ninachopanga, na tangu siku hiyo gari linalala huko.

Siku ya kliniki iliyofuata mama hakunipigia simu. Nilikwenda Ngao mwenyewe na kungoja nje ya lango la hospitali. Alifika kwa bodaboda, kwenye vumbi lile, mwanamke wa umri wake, akanipita kama hakuniona. Alipotoka nilimfungulia mlango wa mbele. Akafungua wa nyuma, akapanda.

Tulipokaribia Kulesa aliniomba nimshushe kwa kaka. Nikamwambia nitamshusha kwake, akitaka kwenda kwa kaka atatembea. Nikamshusha mlangoni pake. Alisimama kidogo akijifunga leso vizuri, kisha akashika njia ya kwa kaka kwa miguu, polepole, na dawa zake mkononi. Nililiacha gari likinguruma mpaka alipokunja kona. Sikumfuata. Mpaka sasa nikikumbuka mgongo wake ule, sijui nina hasira zaidi na nani.