Miwa Mpaka Mlangoni

Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana mwenye shamba dogo na kiburi kikubwa hapa Butali, dada yangu Nasimiyu alirudi nyumbani kutoka kwa mume aliyemfukuza. Alikuja na watoto wawili na sufuria moja. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Nyumba ya mama nilikuwa nimeibomoa nikapanda miwa pale, maana sisi watu wa miwa, mwanangu, tukiona kipande kitupu mkono unatuwasha.

Aliniomba pahali pa kusimamisha nyumba ya udongo. Nikamjibu, "Msichana akishaolewa hana boma kwao. Hiyo ni desturi." Desturi wapi! Ilikuwa tamaa yangu tu, nimeivisha koti la wazee. Nasimiyu alikaa kwangu siku tatu, akaona nilivyonuna, akaondoka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilipeleka ng'ombe sokoni Lubao, nikamwona amelala na wanawe kwenye baraza la duka, watu wakiwaruka. Mwenye duka akaniambia, "Hawa ni wavivu tu." Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa, nikapita na ng'ombe wangu.

Niliporudi nikamsimulia Senge, shangazi yetu. Aliacha kusonga obusuma, ugali wetu, akanitazama.

"Analalanga barazani kwa nini?"

"Ni bahati mbaya, Senge."

"Bahati? Wewe ulipanda miwa juu ya jiko la mama yake! Kesho shika panga."

Nilikata miwa ambayo haijakomaa, nikilia kwa aibu. Majirani walileta fito na udongo. Senge aliita wazee wa ukoo na chifu, kipande kikaandikwa jina la Nasimiyu. Nilipomfuata Lubao hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Na utanifukuza tena lini?" Majuto ni mjukuu, mwanangu.

Alirudi nami, na sasa dada yangu ni bibi mwenye nyumba ya mabati. Lakini mpaka leo ile sufuria iko kando ya mlango, imefungwa kwa leso pamoja na nguo zake, tayari kwa safari.

Kwa hiyo ukimkuta mtu amelala barazani, usianze na uvivu wake wala pombe yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uliza ni mlango gani ulifungwa, na nani aliufunga. Kwa mwingine ni ndugu kama mimi, kwa mwingine ni ugonjwa, kodi iliyomshinda, au kazi ya kiwandani iliyokatika. Mpe blanketi, ndiyo, ila usiishie hapo. Ita ukoo, chifu, kanisa na msikiti, mmjengee nyumba pamoja, na kipande kiandikwe jina lake. Binti yako naye mkatie kipande chake ungali hai.

Mungu akubariki, mwanangu, na kwenye boma lako asiwepo hata mmoja anayelala akiwa amefungasha.