Kinu Ambacho Baba Hakukichonga

Kijijini kwetu, kwenye barabara ya kwenda Lubondja, kinu cha kutwangia sombe, mboga ya majani ya muhogo, hakinunuliwi. Baba humchongea binti yake, naye binti hukibeba siku anayoolewa. Dada zangu wote waliondoka na vyao. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," baba alipenda kusema, "na kinu vilevile." Mimi ndiye kitinda mimba, na cha kwangu ndicho kilichokosekana.

Kinu chetu hutoka kwenye mti wa aina moja tu. Ni mfupi, umepinda kama mgongo wa mtu anayeng'oa mihogo, na hata ukiulazimisha hautoi ubao. Lakini haupasuki, wala hautii ladha yake kwenye sombe. Muvula, ule mti wa mbao ambao kila seremala wa mjini Baraka anaulilia, hufanya mboga iwe chungu.

Tulipopewa msitu tuusimamie wenyewe, baba alichaguliwa kuongoza komite. Alifurahi mno, hata akanunua kofia mpya. Mkutano wa kwanza ulifanyika darasani, na yeye akasimama kueleza sheria: muvula na miti mingine ya mbao isiguswe bila ruhusa ya kijiji.

"Na ile ingine, papa?" mtu akauliza.

"Ile ingine iko ya bule," baba akajibu, maana alishachoka na maswali.

Yeye alitaka kusema haina kazi. Wachoma makala, makaa ya kupikia, walisikia haina mwenyewe. Neno ni lile lile, na kila mtu alitoka mle darasani na maana iliyomfaa. Baba alikuwa bingwa wa kusahihisha maneno ya wenzake kanisani. Siku ile hakuwapo wa kumsahihisha yeye.

Baraka nayo imekuwa mji mkubwa. Wengi wamekimbilia huko, na kila nyumba lazima ipike. Magunia ya makala yakaanza kupita mbele ya mlango wetu juu ya baiskeli, asubuhi mpaka jioni. Siwezi kusema waliiba. Komite ilizunguka msituni, ikakuta mivula yote imesimama wima, ikarudi imeridhika na kunywa chai kwetu. Mimi ndiye niliyewamiminia.

Posa yangu ilipokubaliwa, baba alichukua shoka akaingia msituni. Alirudi mikono mitupu. Akaenda tena, mbali zaidi, akakuta visiki na majivu. Jirani yetu akamwambia, "Kata muvula moja, papa. Si ni weye unaongoza?" Nilikuwa nimesimama pale, naomba kimoyomoyo akubali. Uchungu wa mboga ningeuzoea. Baba alimfokea jirani mpaka mate yakamtoka, kisha akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Wiki ya arusi alirudi na mchi. Mchi tu, mweupe, mzito, ameulainisha vizuri. Nilinuna. Mchi bila kinu ni wa nini? Nilifikiria wakwe watakavyonicheka, wala sikumshukuru.

Mama aliuchukua, akaupima mkononi, akaunusa. Aliutambua mti wake mara moja.

"Ulipata wapi hii muti?"

"Nyuma ya kilima. Ilikuwa kadogo, sawa mukono yangu."

"Na ingine?"

"Sikuona ingine."

Mama akaugeuza mchi mikononi. "Na we ukakata ile?"

Baba hakumtazama. Alikuwa anafuta shoka kwa jani la mgomba, upande huu na upande ule, ingawa lilikuwa safi.

"Mutoto angeenda mikono mitupu?" akasema.

Niliubeba mchi ule begani siku ya arusi, na hadi leo ndio ninaotwangia, kwenye kinu cha mama mkwe. Laiti angeuacha ule mti usimame. Ningeazima kinu na mchi maisha yangu yote.