Seva Yenye Adabu

Mimi si mtu wa kuonewa nikanyamaza. Mama yangu kule Msanzi alizoea kusema ulimi wangu utanifukuzisha kazi hata kabla sijaipata. Kumbe kilichokaribia kunifukuzisha si ulimi, ni seva.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kampuni za watu binafsi zilipoanza kupanda milima ya Ufipa kutafuta mahindi na ulezi. Moja ilifungua ofisi Sumbawanga mjini, nikaajiriwa kwa sababu nilikuwa nimesomea kompyuta Mbeya, na wakati ule ukisema umesomea kompyuta watu walikutazama kama umetoka Roma. Kazi yangu ilikuwa kuitunza seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyohifadhi hesabu zote za mazao. Kompyuta zetu ndogo za chumba cha mbele ziliunganishwa nayo kwa waya, kwa hiyo ikizima, sote tunabaki mikono mapajani. Iliwekwa ofisini kwa meneja kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na kufuli la maana na nondo dirishani.

Meneja alikuwa Mfipa mwenzetu, ila alikuwa amesoma ng'ambo na ng'ambo ilimkaa mwilini. Siku yake ya kwanza alipiga marufuku kuchuchumaa. Kwetu ukimsalimia mtu unayemheshimu unachuchumaa, unapiga makofi mepesi, taratibu, mnaulizana habari mpaka mkubwa aridhike. Meneja akasema huko ni kupoteza muda wa kampuni. "Hapa ni 'habari za kazi', 'nzuri', basi," alisema. "Wageni wa Dar wakitukuta chini namna hiyo watatucheka." Tukatii. Wazee walikuja na magunia yao, wakatusalimia kwa heshima zote, nasi tukawaitikia tumekaa vitini kama tuliopigiliwa misumari. Roho iliniuma, na sikuficha.

Basi, seva ikaanza vituko. Unaingiza uzito wa gunia, skrini inaganda. Chumba cha mbele kinapiga kelele. Meneja anafungua mlango wake na kuuliza, "Nini tena?" Mimi nakimbilia ndani, naikuta seva inajiwasha yenyewe, vitaa vinamemeta, utadhani ilitoka nje kidogo kujisaidia ikarudi. Taa ya darini inawaka kama kawaida, umeme haujakatika. Siku mbili tatu kimya, halafu tena.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilipangusa vumbi, nikabadilisha waya, nikachomoa kila kinachochomoka na kukirudisha. Nikamshawishi meneja anunue betri ya akiba, ile inayoshika umeme ukikatika. Ikaja, nikaichomeka ukutani, na seva nikaichomeka kwenye betri kwa ule ule waya wa ekstensheni tulioutumia tangu mwanzo, wenye matundu manne na swichi nyekundu, uliolala sakafuni nyuma ya viti vya wageni. Haikusaidia kitu. Mhasibu akasema ni baridi, eti mwezi wa sita Sumbawanga hata kompyuta inataka sweta. Mlinzi akasema kuna mtu ameturoga. Nikamuuliza, mchawi gani huyo wa kuyaacha magunia yote ghalani akaroga hesabu? Tangu siku hiyo akawa anapita mbali na mlango ule.

Meneja naye akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia siku moja mbele ya wenzangu. Mimi, niliyekuwa nikiipangusa seva ile kama mtoto mchanga!

Wakamleta fundi kutoka Dar. Kijana, tai shingoni, ananisalimia "mambo". Alikuwa amesikia habari zetu njia nzima, akaninong'oneza kama kweli Sumbawanga watu hutumiana radi. Nikamwambia hapana, huo ni uzushi, radi yetu haitumwi ovyo ovyo, mpaka mtu amdharau dada wa ofisini. Kuanzia hapo akawa ananiita dada kwa adabu sana na kuninunulia chapati. Alishinda chumbani kwa meneja akiikodolea seva macho, na seva, mnafiki mkubwa yule, ikatulia kama maji mtungini. Haikukohoa hata mara moja. Fundi akafunga begi lake na kutoa hukumu: mashine nzima, tatizo ni mtumiaji. Mtumiaji ndiye mimi. Chapati zote zile, halafu ananigeuka. Basi lake halijafika Mbeya, seva ikazima.

Siku hiyo nililia chooni, na sioni haya kusema. Meneja akaniita. Mkurugenzi anakuja kutoka makao makuu, alisema, na kampuni inapunguza watu. "Ikizima mbele yake, wa kwanza ni wewe." Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu, na mjini kulikuwa na seva moja tu niliyoijua. Wapi tena ningepeleka kompyuta niliyosomea Mbeya?

Mkurugenzi alifika siku ya upepo mkali, mtu mnene mpole, amevaa koti zito na bado anapuliza viganja. Tulikaa chumbani kwa meneja, mimi nimesimama kando ya seva nikimwonyesha hesabu za msimu kwenye skrini. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Mlinzi akagonga, akasema baba mkwe wa meneja amefika kutoka Mwazye.

Mzee huyo tulimjua. Alikuwa haishi kuja kuulizia bei ya mahindi, na meneja alimpokea chumbani humo, mlango umefungwa. Sasa meneja akasema haraka, "Mwambie anisubiri nyuma ya ghala." Kama alivyofanya wiki ya fundi, nikawaza, na sikujua kwa nini nimewaza hivyo.

"Mkweo akasubiri kwenye upepo huu?" mkurugenzi akasema. "Mlete ndani bwana."

Mzee akaingia, kofia mkononi, akasimama kusubiri. Meneja akamtazama mkurugenzi, akanitazama mimi, akamtazama mkwe wake. Marufuku ni marufuku, lakini mkwe ni mkwe, na akirudi Mwazye na kinyongo, hata mke utamtafuta kwao. Meneja akarudi nyuma kwa heshima hadi ukutani, nyuma ya viti vya wageni, akachuchumaa hadi chini kabisa na suti yake nzuri, akaanza kupiga makofi.

Tik.

Feni ya seva ikashusha pumzi, ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi. Chumba cha mbele wakapiga kelele zao za kila siku. Nami nikaona, kwa macho yangu haya, makalio ya meneja yamekalia swichi nyekundu ya ekstensheni. Swichi ilikuwa imelegea kwa uzee: ukiikandamiza inakata umeme, ukiiachia inaurudisha. Kila siku tulipopiga kelele yeye aliharakisha kumaliza salamu, akainuka kuja kuuliza nini tena, na seva ikafufuka.

Mzee akaitikia makofi, akatabasamu, akainyooshea seva kidole na kusema maneno kwa Kifipa.

"Anasemaje?" mkurugenzi akaniuliza.

Kutoka kule chini meneja alinipa jicho, na jicho lile nililielewa: danganya. Mungu anisamehe, sijawahi kutafsiri kwa raha kama siku ile.

"Mzee anaisifu mashine yetu," nikasema. "Anasema ina adabu. Kila akija, mkwe wake akichuchumaa pale ukutani kumsalimia, mashine nayo hunyamaza mpaka mkwe ainuke. Anasema wafanyakazi wa ofisi hii wangejifunza kwayo."

Hilo la mwisho niliongeza mwenyewe.

Mkurugenzi akaitazama seva, akaufuata waya kwa macho, polepole, mpaka ulipoishia chini ya suti. Mashavu yakaanza kumtikisika. "Meneja," akasema, "hebu inuka kidogo."

Lakini meneja hakuinuka. Angeinukaje? Mzee alikuwa amehamia habari za wajukuu, mmoja baada ya mwingine, na mkwe akiuliza huinuki. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, na nilifurahi, sitaki kusema uongo. Ila nilimwona jasho linamtiririka katika baridi ile, mbele ya bosi wake, na bado anajibu kila swali kikamilifu, bila kuruka mtoto hata mmoja, viganja vyake vikigongana taratibu kama inavyotakiwa. Hasira niliyoifuga kwa miezi ikaniponyoka, nami sikuwa nimeiruhusu.

Mzee alipotua kuvuta pumzi, meneja akageuza shingo.

"Mkurugenzi, kosa ni langu. Huyu binti nimemsumbua bure," akasema. "Kama ni kupunguza watu, usianze na yeye."

Aliyasema hayo bado amekalia swichi, maana mzee ndiyo kwanza alikuwa anafika kwenye habari za ng'ombe.