Zamu Aliyopewa Mwandawiro

Tangu ndovu amuue Wakio, hakuna aliyemuuliza Mwandawiro habari za mkewe. Si kwamba watu wa Rukanga wana roho mbaya. Asubuhi ile kijiji kizima kilikimbilia shambani kwake. Wote waliona. Nani atauliza jambo aliloliona kwa macho yake?

Kwa hivyo binti mmoja wa chuo kikuu, Shanice, alipoita waliofiwa kwenye ukumbi wa kanisa, mzee alivaa koti lake la Jumapili akaenda.

Shanice alieleza polepole. Alitaka kujua jambo moja tu: mtu akizungumza habari za marehemu wake, usingizi humrudia? Watagawanywa kwa kura. Kundi moja litaeleza habari za marehemu, jingine habari za shamba. Kila mmoja atavaa mkanda mkononi, wa kupima anavyolala.

"Ninachobadilisha ni mazungumzo," alisema. "Ninachopima ni usingizi. Mengine yote yabaki vilevile."

"Kama matuta mawili," alisema Mwandawiro. "Moja unatia mbolea, jingine unalinyima. Mbegu ile ile, mvua ile ile."

"Hapo hapo, babu."

"Na hilo linalonyimwa likilalamika?" alidakia jirani yake Mumbe, mjane wa Kikamba. Ukumbi ukacheka.

Mwandawiro alichomoa kadi ya manjano. Shamba. Aliitazama kama mtu aliyebeba gunia mpaka kwa posho mill kusaga mahindi akakuta mlango una kufuli. Mumbe alipata ya kijani, ya marehemu.

"Chukua hii, Baba Vincent," Mumbe alimnong'oneza. "Mimi wangu nilishamlilia nikamaliza. Nikiulizwa nitasema alikuwa mlevi, Mungu amrehemu. Wacha niwaambie habari za ndengu zangu."

Wakabadilishana, vile mtu humpisha mwenzake bombani akiona ana haraka. Rukanga hilo si kosa, ni adabu. Nyuma yao kadi nyingine nazo zilikuwa zinahama mikono.

Kila Alhamisi mzee alikaa mbele ya Sylus, mwenzake Shanice, mtu wa Taveta asiyemjua yeyote pale.

"Alikuwa mtu wa namna gani, mzee?"

Mwandawiro alianzia mbali. Wakio alipoolewa alishuka kutoka Ronge na miche ya migomba. Migomba, kwa ukame huu! Ilikauka yote, naye akacheka mpaka akakaa chini. Mzee aliyatoa maneno kama mtu anayeng'oa mawe shambani: moja, halafu apumzike. Alhamisi iliyofuata alifika kwa watoto. Kisha kwa mizinga ya nyuki, ambayo Wakio aliitundika kuzunguka mahindi ili ndovu waogope. Usingizi nao ukaanza kumjia, vipande vipande.

"Wiki ijayo nafika siku yenyewe," alimwambia Sylus. "Nilikuwa bado nasafisha njia."

Alipotoka alimkuta Shanice mlangoni. Mtu akitendewa wema hushukuru.

"Binti yangu, umshukuru na Mama Munyoki pale," alisema akimwonyesha Mumbe. "Ndiye alinipa zamu yake."

"Zamu gani, babu?"

Akamweleza. Shanice akarudi ukumbini kuuliza wengine. Walisema wakicheka. Karibu nusu yao walikuwa wamebadilishana.

"Sasa tumekosa nini?" Mumbe aliuliza. "Kadi zako ziko zote."

"Mama, kura ndiyo ingefanya makundi yafanane. Sasa aliyetaka kusema ndiye amesema, na asiyetaka akakaa kwa shamba. Mtu akilala, nitajuaje ni maneno yamemlaza, au alikuwa tayari anaelekea kupona?" Akaketi kwenye benchi. "Utafiti umeharibika. Nirudishieni mikanda."

Kicheko kikafa.

"Na wiki ijayo?" Mwandawiro aliuliza.

"Hakuna wiki ijayo, babu. Pole."

Sylus alimsogelea. "Mzee, niambie sasa hivi. Nakusikiliza."

Mwandawiro akafungua mdomo. Ukumbi wote ukamtazama: watu wale wale, macho yale yale ya asubuhi ile. Neno halikutoka.

"Basi," akasema, akavua mkanda.

Mumbe alimsindikiza. Walipofika shambani mzee akasimama. Mzinga mmoja ulikuwa umeanguka, nyuki wamehama.

"Baba Vincent, kama ni kusema tu, niambie mimi."

Mzee aliangalia pale katikati ya mahindi.

"Nikuambie nini? Wewe ulikuwepo, Mama Munyoki. Wewe ndiye ulimfunika na leso yako."

Mwandawiro akajikuna mkono, pale mkanda ulipokuwa. Kisha akaingia nyumbani kungoja kuche.